Jet ya Bertone haina ndugu upande wa bodi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu magari ya kale ya Uingereza imeigusa Aston Martin DB4 GT iliyovishwa bodi na Bertone, kampuni ya Italia ya kuunda bodi za magari, ile iitwayo Jet, kwa sentensi chache tu, nazo zina kasoro. Mmeandika kwamba bodi yake ni ya aluminiamu kama DB4 nyingine, na kwamba vipuri vyake ni vilevile vya DB4 GT yoyote. La pili ni kweli nusu. La kwanza si kweli kabisa: Jet ina bodi ya chuma, na kwa fundi hizo ni mbingu na ardhi.

DB4 GT ilitoka mwaka 1959, chesisi yake ikiwa fupi kwa inchi 5, yaani takribani sm 13, kuliko DB4 ya kawaida. Zilitengenezwa 75 zenye bodi ya kiwandani, 19 zikavishwa bodi na Zagato wa Milano, na moja tu, chesisi DB4GT/0201/L, ikapelekwa Torino kwa Bertone. Herufi L ni ya usukani wa kushoto. Aliyeichora, Giorgetto Giugiaro, alikuwa na umri wa miaka 22 ilipooneshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1961.

Sasa bodi. DB4 ya kiwandani ilijengwa kwa mtindo wa Touring, waunda bodi wa Milano: mabomba membamba ya chuma yanasimamishwa juu ya chesisi, kisha yanafunikwa na bati la aluminiamu. Adui wake anajulikana. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe chini ya rangi. Kwenye Jet ugonjwa huo haupo, bali upo wa chuma: kutu inayoanzia ndani ya mikunjo ya bati, chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu, na haionekani mpaka rangi itutumke.

Anayekagua bodi ya chuma ya umri huu achukue sumaku ndogo, aizungushie kitambaa laini, aipitishe polepole. Isiposhika, asikimbilie kusema ni puti, yaani kijazio cha kusawazisha bodi. Mafundi wa enzi zile waliziba maungio kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na bati jeupe, na risasi nayo haishiki sumaku. Agonge kwa kifundo cha kidole: puti nene hutoa mlio mfu. Na risasi ina balaa lake. Dawa ya asidi inayopakwa kabla ya kuyeyusha isiposafishwa vizuri kwa maji ya moto yenye magadi soda, rangi mpya huota malengelenge baada ya miezi michache, na lawama zote humwangukia mpiga rangi wa watu.

Kutoa rangi ya zamani kwa mchanga wa mashine kwenye boneti pana ni kosa kubwa. Bati hupinda likawa kama bahari yenye mawimbi. Tumieni dawa ya kubandua. Na kipande kikihitaji kutengenezwa upya, msipime upande wa kulia mkaugeuza kuwa wa kushoto. Bodi iliyogongwa kwa mkono hupishana kwa milimita kadhaa kati ya pande mbili. Kilichopimwa kwa kioo hakikai.

Hapo ndipo Jet inapoachana na ndugu zake. Aston Martin ilianza mwaka 2017 kutengeneza upya magari 25 ya DB4 GT, na mwaka 1991 ilikuwa imekwisha kuunda Zagato nne kwa namba za chesisi ambazo hazikuwa zimetumika. Bati za magari hayo zina vipimo na vielelezo. Jet haina pacha wa kupimia.

Injini ndiyo ya ukoo mmoja na nyingine: silinda 6, sentimita za ujazo 3,670, kabureta tatu za Weber, nguvu ya farasi 302 kwa hesabu ya kiwanda. Kila silinda ina plagi mbili, jumla 12, zinazolishwa na distribyuta mbili, yaani vigawa umeme wa plagi. Ubaya wake ni kwamba upande mmoja ukifa, injini bado inanguruma, ila inazidi joto na kukosa nguvu, na watu huanza kulaumu kabureta. Iacheni ipate joto, izimeni, mwondoe umeme wa distribyuta moja, muiwashe na kusoma mizunguko. Kisha fanyeni hivyo kwa ya pili. Mizunguko ikipishana sana kati ya pande mbili, tatizo ni taimingi, nyaya au pointi. Marubani wa ndege ndogo hufanya jaribio kama hilo kila wanapotaka kuruka.

Bloku ni ya aluminiamu yenye slivu za chuma, yaani mirija ambamo pistoni hupita, zinazooga maji. Tope likijaa chini ya slivu, joto hupanda hata rejeta ikiwa mpya. Kuna vitundu ubavuni mwa bloku vya kuonyesha kwamba mipira ya slivu imeanza kuvuja. Tundu likitoa maji ni onyo. Anayeliziba kwa gundi amejifichia ugonjwa mwenyewe.

Na bei iliyouzwa Jet: pauni 3,249,500, mnada wa Bonhams, Newport Pagnell, Mei 2013. Si dola kama mlivyochapa.

Wasomaji wenu,
Mafundi wa magari ya kale