Barua kwa mpwa wangu wa Ujiji anayetaka kulitafiti ini

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umesema ukimaliza kidato cha sita unataka kuitoa kazi yako yote kwenye swali la jinsi ini linavyojijenga upya, na kwamba hapo nyumbani wameshakwambia ini likikatwa huota kama mkia wa mjusi. Naanzia hapohapo, maana ukiondoka na picha hiyo utapotea tangu mwaka wa kwanza.

Pande la ini likikatwa, limekwenda. Halichipui tena. Mapande yaliyobaki ndiyo yanayonenepa mpaka uzito wa ini zima urudi, na umbo linalopatikana halifanani na la zamani. Chukua panya mkubwa wa maabara (rat; yeye na panya mdogo, mouse, ni jamii mbili tofauti, si suala la umri) mwenye gramu 200. Ini lake ni kama gramu 8. Ukitoa pande la kati na pande la kushoto umetoa theluthi mbili, takriban gramu 5.4, na zinabaki gramu 2.6 tu. Baada ya siku 7 hadi 10 mizani inasoma karibu na 8 tena, lakini ukifungua tumbo utakuta mapande machache, manene, na pengo kubwa pale yalipokuwa mengine. Binadamu anayemgawia ndugu yake pande la kulia, kiasi cha asilimia 60 ya ini, hupitia hayohayo. Kwake sehemu kubwa ya ukuaji hutokea katika wiki za mwanzo, kisha huendelea polepole kwa miezi.

Upasuaji huo wa panya ulielezwa na Higgins na Anderson wa Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1931, na hadi leo ndio mlango wa fani hii. Sababu yake ni rahisi: mapande ya ini la panya yana shingo nyembamba. Unaweza kufunga uzi shingoni na kukata bila kulijeruhi pande linalobaki, kwa hiyo unachokiona baadaye ni ukuaji mtupu, haujachanganyika na uponaji wa kidonda.

Unamlaza panya kwa nusukaputi ya kuvuta, juu ya kitanda chenye joto la nyuzi 37, maana panya akipoa hufa hata kama mkono wako ni mzuri. Unampa dawa ya maumivu kabla ya kisu. Unapasua katikati chini ya kifua, unayasukuma mapande mawili nje kwa pamba iliyolowa maji ya chumvi. Usiyashike kwa koleo, ini huchanika kama embe lililoiva. Unazungusha uzi wa hariri namba 4-0 shingoni, unakaza, unakata, unaacha kishina cha milimita 2 au 3. Unashona msuli, kisha ngozi. Wenye uzoefu humaliza ndani ya dakika 20.

Kosa kubwa la wanaoanza ni mahali pa fundo. Ukifunga karibu mno na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, unaubana. Damu inarundikana, ini linavimba na kuwa jeusi, na panya hafiki kesho. Ukifunga mbali mno unaacha kishina kirefu kinachooza tumboni na kuleta uvimbe utakaoharibu vipimo vyako. Ukitumia panya wadogo kuna jambo la ziada: wao wana kifuko cha nyongo, panya wakubwa hawana. Ukikitoboa, nyongo inamwagika tumboni na kazi yote imekwisha.

Tena usimwongezee panya sukari kwenye maji eti kwa huruma. Sukari ya damu hushuka baada ya upasuaji, na kushuka huko ni sehemu ya ishara inayoliamsha ini. Imepimwa kwa panya wadogo: wakipewa glukosi ya ziada, ukuaji unachelewa. Na fanya upasuaji kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, siku zote, kwa sababu seli za ini hufuata saa ya mwili zinapogawanyika. Kundi moja ukilipasua asubuhi na jingine jioni, tofauti utakayoiona huenda ni ya saa tu. Usisahau kundi la kulinganishia: tumbo lifunguliwe, ini liguswe, lisikatwe.

Mizani peke yake itakudanganya. Siku ya kwanza na ya pili ini linalokua hujaa mafuta kwa muda, na damu iliyobaki ndani nayo ina uzito. Kwa hiyo pima na mgawanyiko wa seli. Dunga kemikali iitwayo BrdU tumboni, miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili, saa 2 kabla ya kuchukua ini. Seli inayonakili vinasaba vyake huimeza na baadaye unaipaka rangi. Kwa panya mkubwa kilele ni saa 24 baada ya kukata, kwa panya mdogo kinachelewa mpaka saa 36 au 48. Ukichukua sampuli ya panya mdogo saa 24 utaandika kwamba ini halikui, na utakuwa umekosea saa tu. Kata kipande kisichozidi milimita 5, kitie kwenye fomalini papo hapo. Kikiwa kinene, dawa haifiki katikati, napo panaoza. Chini ya hadubini hesabu seli 1,000 au zaidi, na hakikisha ni seli kuu za ini, zile kubwa zenye kiini cha mviringo, nyingine viini viwili. Vidogo virefu vilivyobanwa pembeni ni vya seli nyingine, nazo huanza kugawanyika baadaye.

Nini huliamsha? Fikiria damu ya utumbo. Jana ilipita kwenye gramu 8, leo yote inapita kwenye 2.6. Kila gramu inapokea mara tatu ya mzigo wake. Lakini msukumo wa damu hautoshi kueleza kila kitu. Mwaka 1967 watafiti Moolten na Nancy Bucher waliunganisha mishipa ya panya wawili ili damu izunguke kati yao. Mmoja alikatwa ini, mwenzake hakuguswa, na ini la yule asiyeguswa likaanza kunakili vinasaba. Kumbe kuna kitu kwenye damu. Kukipa kitu hicho jina kulichukua miaka: Nakamura nchini Japani na Michalopoulos nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walikifikia kile tunachokiita HGF, kichochezi cha ukuaji wa seli za ini, katika miaka ya 1980, na jeni lake likasomwa mwaka 1989. Miaka 22 kutoka panya wawili hadi jeni. Ndivyo kazi hii inavyokwenda, na nakuandikia nikijua una subira ya hivyo.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niandike. HGF haitengenezwi na seli kuu za ini. Hutoka zaidi kwenye seli za nyota, zilizojificha kando ya vijia vya damu zikiwa zimebeba vitamini A. Na seli hizohizo, ini likijeruhiwa mfululizo, hubadilika na kufuma kovu. Anayelisha ukuaji ndiye anayejenga ukuta.

Wewe umekulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambako kichocho cha tumbo kinafahamika. Mayai ya mnyoo huchukuliwa na damu ya utumbo, hukwama kwenye vijishipa vya ini, na kovu hujengeka kuzunguka mishipa hiyo kama bomba jeupe. Daktari Symmers alilieleza kovu hilo mwaka 1904. Cha ajabu, seli kuu nyingi hubaki nzima. Vipimo vya damu vya ini vinaweza kuwa vizuri kabisa hadi siku mgonjwa anapotapika damu, kwa kuwa mishipa ya umio imevimba kwa msongamano. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo, huua minyoo, lakini kovu huondoka taratibu, na zaidi kwa watoto kuliko wazee. Ini lenye seli nzima na makovu mishipani: je, likikatwa linakua kama lingine? Ningekuwa na umri wako, swali langu lingekuwa hapo.

Kuhusu shule, wengi watakusukuma kwenye udaktari wa binadamu. Mimi naona tiba ya mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, miaka 5, itakupa mikono mapema zaidi, kisha uzamili na uzamivu. Ukifika kwa wagonjwa utahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kwa wanyama kibali cha kamati ya chuo. Anza kuomba mapema.

Kabla ya hapo nenda machinjioni na umwombe afisa mifugo anayekagua nyama akuonyeshe ini la ng'ombe lililokataliwa kwa minyoo. Mnyoo huo wa ini la ng'ombe hukaa kwenye njia za nyongo, hakai mishipani, kwa hiyo sio kovu lile la kichocho, lakini utaliona kovu. Libonyeze kwa kidole gumba kisha ubonyeze lenye afya. Likate polepole usikilize kisu kinapogonga zile njia zilizokakamaa. Pima unene wa ukuta wake kwa rula, uandike. Fika alfajiri, ukaguzi huanza mapema, na uvae mabuti.

Mjomba wako