Barua kwa Mama Neema kuhusu hopsi ya Manyovu

Isevya, Tabora

Kwako Mama Neema,

Salamu nyingi, mwenzangu. Sisi huku hatujambo. Mama magoti bado yanamsumbua, ila mdomo uko palepale. Barua yako nilikabidhiwa na yule kijana wa basi, na dumu la mawese nalo lilifika bila kuvuja hata tone. Ahsante sana. Sasa niingie kwenye swali lako, kama ulime hopsi, ule mmea ambao maua yake hutia bia uchungu na harufu, maana naona lile shamba la Manyovu, huko kwenu Kigoma, umeshalipigia hesabu hadi faida.

Usilime hopsi. Kuota itaota, wala sina shaka. Kitakachokukwamisha ni urefu wa mchana.

Najua utaniambia Manyovu kuna baridi, kahawa inakubali, maji yapo. Yote kweli. Lakini hopsi ni mmea wa nchi ambazo majira yake ya joto yana mchana mrefu. Kule Bavaria, Ujerumani, nilikokaa nikisoma, mwezi wa 6 mchana unafika saa 16, na shina linapanda kamba mpaka mita 7 kabla ya kutoa maua. Siku zikianza kufupika ndipo linachanua. Kwetu sisi, Tabora na Kigoma zote ziko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na mchana hauachani na saa 12 ila kwa dakika chache, mwaka mzima. Mmea unaona msimu umekwisha, unachanua ungali mfupi, unakupa viganja viwili vya maua, basi. Hata Afrika Kusini, kule George, nyuzi 34 kusini, wakulima walilazimika kuwasha taa shambani usiku ili kuurefusha mchana, mpaka walipozalisha aina zao zinazovumilia siku fupi, kama Southern Brewer. Wewe utawasha taa ekari nzima kwa umeme wa LUKU ya nani?

Ukitaka shina moja nyuma ya nyumba, la kujifunzia, hilo sikukatazi. Jua la kwenu linachomoza karibu saa 1 asubuhi, basi taa iwake kabla giza halijaingia mpaka saa 5 usiku, kila siku, hadi shina lirefuke. Ukiagiza vipande vya mizizi, hakikisha ni vya mmea jike, kwa sababu maua yanayotiwa kwenye bia ni ya jike. Dume kazi yake ni kukujazia mbegu tu. Na usikubali mtu akufichie kwenye sanduku la nguo. Kibali cha kuingiza mimea kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kiombe kwanza. Halafu uwe tayari kwa maneno ya majirani: hopsi na bangi ni ukoo mmoja, ingawa hopsi haina kile kinacholevya kwenye bangi. Wambea wa mtaani kwenu hawatasubiri maelezo.

Kuvuna hakuna kalenda, kuna vidole na pua. Ua bichi ukilibonyeza ni laini, lina unyevu, linabaki limebonyea. Lililokomaa ni jepesi kama karatasi, linarudi lilivyokuwa, na ukilipasua katikati unakuta unga wa njano uliokolea, unanata. Huo unga ndio wenyewe. Majani yaliyouzunguka ni mfuko tu. Yule mama niliyepanga kwake alikuwa na mashina matatu ukutani, na siku ya kuvuna vidole vyetu viligeuka njano na kunata hadi jioni, sabuni haikusaidia.

Kwenye kukausha ndipo nilipojiona niko nyumbani. Ulipokuwa unakuja kwetu Urambo wakati wa likizo, unakumbuka baba alivyokuwa akiingia kwenye bani, lile banda la kukaushia, usiku kupapasa tumbaku? Hakupapasa jani, alipapasa kikonyo. Jani linakauka mapema na kukudanganya, ukilitoa wakati kikonyo bado kina maji, ukungu unakula belo zima. Hopsi ni hivyohivyo. Nje linakwaruza, unadhani tayari, kumbe kile kijiti cha katikati bado kinapinda. Kipinde: kikivunjika, limekauka. Tofauti iko kwenye moto. Tumbaku mwishoni inapelekwa mpaka nyuzi 70 na ushee, lakini hopsi isizidi 60, na kwa nyumbani ni heri ubaki chini ya 50 ili harufu isitoroke. Jua la moja kwa moja nalo linaiharibu. Tandaza tabaka moja juu ya wavu wa dirisha, kivulini, upepo upite juu na chini. Chandarua cha zamani usitumie, kina dawa. Na kichanja cha dagaa usiazime kwa mtu yeyote wa Kibirizi, utapika bia ya dagaa! Kilo 5 mbichi zitakupa kilo 1 kavu au pungufu. Funga kwenye mfuko, toa hewa, weka kwenye friza. Ukiacha wazi itanuka jibini lililochacha.

Sasa hesabu iliyonifanya nikukataze. Ndoo ya lita 20 yenye uchungu wa kiasi inataka gramu 30 hadi 40 za hopsi kavu. Kilo moja ya kununua ni ndoo 25 au zaidi. Ekari ya nini? Tena uchungu hautoki mpaka uchemshe, karibu saa nzima. Gramu chache za mwisho unatia dakika 5 kabla ya kuipua, hizo ni za harufu. Ukiitupia kwenye pombe yako ya ndizi isiyochemshwa, utapata harufu, lakini uchungu kidogo sana. Na ile kazi yake nyingine, ya kuzuia bia isichache upesi, pombe ya ndizi haina haja nayo, wateja wako wenyewe hawaiachi ilale. Masalia ya hopsi usimwage mbwa anapofika, yanaweza kumuua.

Nijibu sufuria yako ni ya lita ngapi, na kama utatumia shayiri au utaanza na kimea cha ulezi. Nikijua, nitakuagizia gramu 100 kutoka Dar, uchemshe mara mbili tatu ndipo tuongee tena. Mzigo nitaupakia kwenye treni ya Kigoma, wewe utaupokea stesheni. Baba Neema mwambie zile nguzo alizokwisha kukata asizichome, apandishie pasheni.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mama Zuhura