Risiti ya zulia itaje nchi lilikofumwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wauzaji wa mazulia ya kufumwa kwa mkono hapa Nairobi. Hivi karibuni nilinunua zulia jekundu katika duka moja la katikati ya jiji, nikahakikishiwa kuwa limetoka Iran, na risiti ikaandikwa “zulia la Kiajemi”. Nilipolitandika sebuleni niliona safu za maumbo ya pembe nane, nakshi ya Waturkmeni, watu wa Asia ya Kati, ambayo sokoni huitwa Bokhara na ambayo Pakistan huifuma kwa wingi. Nikapindua pembe yake: matamvua, ambayo ndiyo ncha za mtande (nyuzi za urefu zinazofungiwa mafundo ya zulia), yalikuwa ya pamba nyeupe, ilhali Waturkmeni wenyewe kwa desturi hutumia mtande wa sufu. Niliporudi dukani, muuzaji alikiri kwamba shehena nzima ilitoka Lahore, Pakistan.

Najua wapo wanaosema fundo, yaani namna uzi wa zulia unavyofungwa kwenye mtande, linatosha kutambulisha nchi, kwa kuwa fundo la Kituruki huzungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande, na la Kiajemi huzungushwa kwenye uzi mmoja na kupita tu nyuma ya wa pili. Lakini mafundi wa Tabriz, ndani ya Iran, hufunga la Kituruki; Pakistan hufunga sana la Kiajemi; na Sanandaj, mji ambao jina lake la zamani, Senneh, ndilo walilolipa fundo la Kiajemi, nao hufunga la Kituruki. Mnunuzi wa kawaida atayajulia wapi hayo yote akiwa amesimama dukani?

Zulia langu ni zuri, na sijutii kuwa nalo. Kinachoniuma ni kwamba fundi aliyekaa miezi kwenye kitanda cha kufumia, akifunga mafundo moja moja, amenyang’anywa kazi yake na kupewa watu wa nchi nyingine ili bei ipande.

Sheria ya Kenya ya Maelezo ya Biashara, Sura ya 505, inakataza kudanganya kuhusu mahali bidhaa ilipotengenezwa. Basi wanaosimamia sheria hiyo wazuru maduka ya mazulia, na kila muuzaji aandike kwenye risiti nchi lilikofumwa zulia, si jina la nakshi wala la fundo, kwa kuwa hati za forodha anazo mwenyewe.

Msomaji wako,
Nairobi