Pimeni waya kabla ya kulaumu kompyuta ya gari

Mhariri,

Gari likizimazima au gia zikigoma, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha kompyuta ya injini na giaboksi. Haraka ya nini? Betri ipimwe kwanza, isipungue volti 12.4, kisha soketi ya waya za kompyuta ifunguliwe: pini zenye kutu ya kijani huleta dalili zilezile. Koili (inayozalisha cheche za plagi) au solenoidi (vali ya umeme, kama zile za giaboksi) iliyopiga shoti nayo itafutwe, maana ndiyo huunguza kompyuta, na mpya itaungua vilevile.

Ikibidi kubadilisha, chomoeni ncha hasi ya betri, na namba ya kifaa ilingane na ya zamani. Kompyuta ya mtumba isipooanishwa na imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi wa gari), injini hugoma kuwaka au huwaka na kuzimika papo hapo. Wakati wa kupakia programu kwenye kompyuta, chaja ya betri iwe imeunganishwa. Umeme ukishuka katikati, kompyuta inaweza kufa.

Fundi umeme wa magari