Mirihi si mahali pa kupiga simu

Mhariri,

Juzi mtangazaji mmoja wa redio alituambia kwamba watu wakifika Mirihi watakuwa wakipiga simu nyumbani jinsi tunavyopiga Kisumu hadi Nairobi. Wapi! Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, kama kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado huchukua dakika 3 hivi sayari hiyo ikiwa karibu nasi kabisa, na zaidi ya 20 ikiwa mbali. Ukituma "hujambo" kutoka huko, "sijambo" itakufikia ugali umeshapoa. Tena kila baada ya miezi 26 hivi jua hukaa katikati, na wahandisi husitisha kutuma amri kwa roboti zilizoko huko kwa takriban wiki 2.

Kilichoniudhi zaidi ni jina. Kipindi kizima alisema "Mars", Mirihi hakuitaja hata mara moja. Mars ni mungu wa vita wa Warumi. Mirihi tuliipokea kutoka kwa Waarabu, nasi tumeizoea. Wachina huiita nyota ya moto, kwa wekundu wake. Kwa Kihindi ni Mangal, na ndiyo maana Jumanne yao ni Mangalvar (waulize wenye maduka hapa mjini). Hata chombo cha India kilichoanza kuizunguka mwaka 2014 kilijulikana kama Mangalyaan. Wao hawakuona haya kutumia jina lao.

Mjukuu wangu wa gredi ya tano anayajua majina yote mawili.

Mwalimu mstaafu,
Kondele, Kisumu