Chai ya Jumamosi: Tieguanyin

Habari zenu wapendwa. Jumamosi saa 10 jioni tunaonja Tieguanyin, chai ya oolong (iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi) kutoka Anxi, mkoa wa Fujian, China. Majani yake yameviringwa kama vidonge vya kijani. Tutaweka gramu 7 kwenye gaiwan, bakuli dogo lenye kifuniko, na maji yaliyotoka kuchemka. Mara ya kwanza tunaloweka sekunde chache tu, kisha tunaongeza muda kidogo kidogo. Majani yaleyale hutoa chai hata mara 6. Kabla ya kunywa, nusa kifuniko kwa ndani: harufu ya maua imejaa pale! Sukari, maziwa na tangawizi tuviache siku hiyo. Manukato pia jamani, yanaua harufu yote. Njoo na kikombe cha kahawa, kile kidogo. Anayekuja athibitishe hapa kabla ya Alhamisi.