Unakwenda Bali? Jua tiketi yako itakuwaje majivu ya volkano yakifunga uwanja

Wanaokuja ofisini kwetu hapa Moshi kupanga fungate ya Bali, kisiwa cha Indonesia, huuliza fukwe na hoteli. Volkano huwa haitajwi, na ndiyo inayoweza kukulaza huko siku ambazo hukuzipangia bajeti. Novemba 2017 mlima Agung ulipolipuka, uwanja wa ndege wa Bali, Ngurah Rai (kwenye tiketi huandikwa Denpasar), ulifungwa kwa zaidi ya siku mbili. Novemba 2024 ndege nyingi za Bali zilifutwa kwa sababu ya Lewotobi, mlima ulio kisiwa kingine kabisa, Flores. Upepo ukielekea kwako, umbali hausaidii.

Majivu hayo si kama ya jikoni. Ni chembe za mawe na kioo. Zikiingia kwenye injini ya ndege huyeyuka kwa joto, kisha hugandia ndani na kuziba njia ya hewa. Juni 1982 ndege ya British Airways ilizimika injini zote nne ilipopita kwenye majivu ya mlima Galunggung, kisiwa cha Java. Ziliwaka tena ikatua Jakarta salama. Kwa hiyo safari ikifutwa, usigombane na mtu wa kaunta.

Gombana na tiketi kabla hujailipia. Bei ya chini unayoiona mtandaoni mara nyingi ni tiketi mbili: moja KIA hadi Singapore, nyingine ya shirika tofauti, Singapore hadi Denpasar. Siku ya kurudi, majivu yakizuia kipande cha Denpasar, ndege ya kutoka Singapore kuja KIA itaondoka kwa wakati wake na wewe utaandikwa hukutokea. Tiketi imekufa, hakuna wa kumdai. Ndiyo maana tunakata KIA–Doha–Denpasar kwa namba moja ya tiketi, kwenda na kurudi, hata ikizidi bei. Hapo shirika ndilo linalopaswa kukutafutia ndege nyingine au kukurudishia fedha.

Ukisikia uwanja umefungwa, usifute safari mwenyewe! Ukifuta wewe, unakatwa faini ya tiketi. Likifuta shirika, unadai nauli yako. Subiri ujumbe wao, upige picha, kisha tutumie kwa WhatsApp.

Njia ya kutokea ipo: basi hadi bandari ya Gilimanuk, kivuko hadi Ketapang upande wa Java, kisha barabara hadi uwanja wa ndege wa Juanda, mji wa Surabaya. Hesabu saa kumi na zaidi. Usipande basi kabla shirika halijakubali kuhamishia tiketi yako Surabaya. Na saa ya Java iko nyuma ya Bali kwa saa moja: tiketi ikiandikwa 13:00, ni saa saba mchana ya Surabaya, wakati huo Bali ni saa nane.

Hoteli ya siku za kusubiri kwa kawaida ni mzigo wako, kwa hiyo bima ya safari inunue siku ileile unayolipia tiketi. Mlima ukishaanza kulipuka, bima mpya kwa kawaida haitalipa tukio hilo. Soma kama majivu yametajwa humo.

Viza nayo isiishe siku ya kurudi. Faini ya kupitiliza ni rupia 1,000,000 kwa kila siku, kwa kila mtu. Beba dawa za siku tano za ziada, na usiahidi kuripoti kazini kesho yake.